Nimepima taka za nyumbani kwangu siku saba, njooni muone tunalipia kubebewa nini

#1 Fundi Mizani

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu umezaliwa na ugomvi. Mwezi uliopita kijana anayetuzolea taka mtaani kwetu, huku Kimara, aligoma kubeba salfeti yetu moja. Alisema ni nzito na mbele yake kuna mlima. Mke wangu akamwambia tunalipa elfu tano kila mwezi ili abebe, si ili achague. Kijana hakubishana. Aliifungua salfeti palepale mlangoni, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na konzi ya mchanga. "Mama, mimi nazoa taka. Huu ni uwanja wenu."

Tukabaki tunatazamana. Swali likanikaa kichwani: mle ndani huwa tunaweka nini hasa?

Basi nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, nikanunua glovu za mpira, nikatandika turubai uani. Siku saba, kila jioni, nilimwaga ndoo ya taka, nikachambua, nikapima, nikaandika nyuma ya daftari la mtoto. Nyumba ina watu sita: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi, na watoto watatu, wa mwisho ana mwaka na nusu. Majirani walidhani nimepoteza pete.

Jumla ya wiki ni kilo 22.3. Ukigawanya inakuja kama nusu kilo kwa kila kichwa kwa siku.

Vitu vya jikoni peke yake ni kilo 12.6. Maganda ya ndizi mbichi ndiyo yanaongoza, halafu machicha ya nazi, mashina ya mchicha, maganda ya viazi, kokwa za maembe (ni msimu wake), na wali wa Jumapili uliochacha kwa sababu wageni hawakutokea. Kinachofuata ni mchanga na majani ya mwarobaini tunayofagia uwanjani, kilo 3.9. Kijana wa guta alikuwa na haki yake. Pampasi kilo 2, na hizo ni kumi tu, maana mtoto anavalishwa usiku na tukitoka. Plastiki zote, kuanzia chupa za maji mpaka karatasi za biskuti, kilo 1.3. Maboksi na karatasi gramu 700. Majivu na vumbi la mkaa gramu 600. Vioo nusu kilo: chupa ya achari na glasi moja iliyovunjika. Nguo kuukuu na ndala ya mguu mmoja gramu 400. Makopo ya bati gramu 200. Mwisho kabisa kuna vidude: betri za rimoti, wembe, taa iliyoungua, vidonge vilivyopita muda wake. Vyote gramu 100.

Kabla ya kupima ningekula kiapo kwamba nusu ya taka zetu ni plastiki. Macho yalinidanganya. Ile kilo 1.3 ya plastiki ilijaza salfeti nzima, na zile kilo 12.6 za jikoni ziliingia kwenye ndoo ya lita 20 na bakuli moja juu.

Nikafanya na kituko kingine. Nilichukua kilo moja ya maganda, nikayaanika juu ya bati siku nne kwenye jua hili. Nikayapima tena: gramu 240. Zilizobaki zote zilikuwa maji. Yaani kila mwezi natoa elfu tano ili mtu anipandishie mlimani maji na mchanga, gari lije liyapokee kwenye kizimba cha taka, liyapeleke dampo la Pugu Kinyamwezi upande wa pili wa jiji, tena kwenye foleni.

Sasa nauliza: kwenu mnatupa nini?

#2 Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee. Mkuu picha, uzi bila picha ni stori.

#3 Fundi Mizani

Picha ya pampasi kumi unaitaka ya nini, mkuu?

#4 Binti wa Muheza

Kaka Fundi, hii mizani yako imetoa siri zote za ndani. Tumejua mmepika mtori, tumejua wageni wamewakimbia, na tumejua kuna mtu hapo nyumbani ana ndala ya mguu mmoja. Watu wanaficha simu kumbe wangeficha ndoo ya taka.

Ila umepima wiki moja ya mwezi mmoja. Huku kwetu taka zina msimu kama mazao. Machungwa yakiiva, uani ni maganda tu, mbuzi mpaka wanachoka. Mahindi mabichi yakija, magunzi na maganda yake ndiyo yanatawala. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna taka, jioni ndoo inafurika. Na masika yakianza, taka ileile inakuwa nzito zaidi kwa sababu imelala nje inanyeshewa. Rudia mwezi wa nne halafu utuambie.

#5 Kuli wa Guta

Salamu wakuu. Mimi si kijana aliyegombana na mleta uzi, ila kazi yangu ni hiyohiyo, mwaka wa sita sasa, upande wa Manzese na Mburahati. Naomba niseme ninachokiona.

Kitu cha kwanza, taka unazozimwaga wewe kwenye turubai ni zile zilizokosa mnunuzi. Nyingine zilishatoka kabla. Chupa ya soda na ya bia haifiki kwenye ndoo, inarudi dukani kwa sababu ina hela yake. Chuma chakavu hakifiki, kuna mtu anapita na mzani. Kopo la maziwa ya unga linakuwa kipimo cha mchele au la kupandia maua. Gazeti linafungia karanga. Ndoo ya rangi inaoshwa inatekea maji. Ndiyo maana mleta uzi kapata gramu 200 tu za bati. Si kwamba hatutumii bati.

Cha pili, mtaa kwa mtaa taka zinatofautiana. Kwenye nyumba za geti nakuta maboksi, majani ya bustani yaliyokatwa, chupa za mvinyo, chakula kizima kilichotupwa kikiwa bado kwenye foili. Uswahilini chakula kizima hukipati, labda ukoko. Huko ni maganda, majivu ya mkaa na mchanga. Mchanga jamani! Mama anafagia uwanja asubuhi, anakusanya kila kitu kwenye ungo mbovu, anamimina kwenye kiroba. Kiroba kimoja cha Tandale kinaweza kuzidi viroba viwili vya nyumba ya geti.

Cha tatu, plastiki si kitu kimoja. Chupa ya maji tunaitafuta. Ila chupa ndogo tupu haifiki hata gramu 15, kwa hiyo kilo moja inataka chupa sabini, themanini na zaidi, na mnunuzi hataki yenye maji ndani. Plastiki ngumu, mabeseni, madumu na vizibo, nayo ina soko. Lakini pakiti za sabuni, za chipsi, za juisi, zile zenye rangi ya fedha ndani, hizo hakuna anayezitaka. Vivyo hivyo na yale maboksi meupe mepesi ya chipsi kuku. Ukiona mtaro umeziba, ingiza mkono, utatoa hizo.

Na pampasi, Mungu anisamehe. Nikizifungua salfeti kutafuta chupa nikakuta pampasi juu, hata chupa naziacha humohumo.

Wembe fungeni kwenye kopo. Nina alama tatu kiganjani.

#6 Mwana Mashaka

Mleta uzi umejitahidi, ila nyumba moja, wiki moja, mizani ya muuza samaki (tunazijua hizo mizani 😂). Huwezi kusema "tunatupa nini" kwa daftari la mtoto. Kuna takwimu rasmi au tunapiga porojo?

#7 Mhandisi Mstaafu

Mwana Mashaka, mzani unaweza kuwa mbovu lakini picha aliyoitoa si mbaya hata kidogo.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka za miji duniani ilikadiria kwamba mwaka 2016 binadamu tulizalisha tani bilioni 2.01. Afrika kusini mwa Sahara ilihesabiwa tani milioni 174, ambazo ni wastani wa kilo 0.46 kwa mtu kwa siku. Mleta uzi kapata kama 0.53. Hajapotea.

Kuhusu kilichomo: duniani kote mabaki ya chakula na majani ni asilimia 44, karatasi na maboksi 17, plastiki 12, vioo 5, metali 4. Nchi zenye kipato cha juu chakula na majani ni asilimia 32 tu, wakati nchi maskini ni 56. Maana yake si kwamba tajiri anatupa chakula kidogo kuliko sisi. Anatupa kingi, ila juu yake anarundika vifungashio, maboksi na magazeti mpaka asilimia ya chakula inashuka. Hapo ndipo watu wengi huchanganya hesabu.

Kwenye eneo letu kuna kundi linaitwa "nyinginezo" na lenyewe ni asilimia 30. Humo ndimo ulimo mchanga wa Kuli wa Guta, pamoja na majivu. Watu wakisoma "nyinginezo" wanadhani ni vitu vya ajabu, kumbe ni ufagio wa asubuhi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilininyima usingizi kazini. Mita moja ya ujazo ya taka za Ulaya, kabla haijashindiliwa, ina uzito wa kilo 100 hadi 150 hivi, maana ni maboksi na hewa. Ya kwetu inaanzia 300 na kuendelea. Miji yetu imekuwa ikiletewa magari ya kushindilia, mashine ya gharama, yaliyobuniwa kukamua hewa. Ya kwetu haina hewa. Ukiishindilia inatoa maji machafu, yanamwagika njia nzima, yanakula bodi la gari, na springi zinakatika kwa uzito wa mchanga. Lori la kawaida lenye turubai linafanya kazi ileile kwa bei ya chini, ila halipendezi kwenye picha za uzinduzi.

#8 Kiti cha Mbele

Mkuu Mhandisi, wenzetu wanachoma taka wanapata umeme. Sisi tunakwama wapi? Si tuwashe tu?

#9 Mhandisi Mstaafu

Chukua kilo moja ya maganda ya ndizi ya mleta uzi uiwashe kwa kiberiti. Nakusubiri.

Kwa utani wake, jibu ndilo hilo. Mwongozo wa zamani wa Benki ya Dunia unataka taka ziwe na joto la wastani wa megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na zisishuke chini ya 6 msimu wowote, ndipo tanuri lijitegemee bila kuongezewa mafuta. Mkaa una karibu 30. Taka ambazo zaidi ya nusu yake ni maji, na mchanga juu yake, zinapata tabu kufika hata hiyo 6, hasa masika. Joto lote linaishia kuchemsha maji. Addis Ababa walizindua kiwanda cha Reppie mwezi Agosti 2018, pembeni ya dampo la Koshe, cha kwanza cha aina yake Afrika. Teknolojia ipo. Ila kabla ya kununua tanuri, pima unachotaka kulisha.

Na Koshe ni jina la kukumbuka kwa jambo jingine. Machi 2017 mlima wa taka uliporomoka pale ukaua watu zaidi ya 110. Agosti 2024 ikawa Kiteezi, Kampala, wakafa zaidi ya 30. Taka zenye maji mengi, zikirundikwa kwa mwinuko mkali na mvua ikaingia, hazisimami. Zinaoza ndani, zinatoa gesi, zinalegea. Wanaokufa ni waliojenga chini yake na wanaookota juu yake.

#10 Mbeba Mabox

Nawasalimu kutoka Hamburg. Huku nina ndoo nne jikoni na bado nakosea. Kuna ya maganda, ya karatasi, ya vifungashio, na ya mabaki mengine. Chupa za vioo unazipeleka mwenyewe kwenye makasha mtaani, nyeupe kwake, kahawia kwake, kijani kwake, na Jumapili huruhusiwi kuzitupa kwa sababu zinapiga kelele. Chupa nyingi za maji za plastiki zina amana ya senti 25 unayorudishiwa ukirejesha chupa, utaratibu ulioanza 2003. Matokeo yake, hata huku Ujerumani kuna wazee wanatembea na tochi wanapekua mapipa ya stesheni. Mara ya kwanza kuwaona nilishtuka, nikajiona niko Kariakoo.

Mwezi wa kwanza nilitupa pakiti ya maziwa kwenye pipa la karatasi. Bibi wa ghorofa ya chini alinigongea mlango akiwa nayo mkononi.

Maganda yakitengwa yanakuwa mboji na gesi. Na hapo Dar mnayo mboji hiyo, sijui kwa nini hamuitaji. Kinondoni kuna kiwanda Mabwepande, kimejengwa kwa ushirikiano na jiji hili la Hamburg, uwezo wake tani 50 kwa siku. Miji hii miwili ina udugu tangu 2010.

#11 Kuli wa Guta

Kaka Mbeba Mabox, cha Mabwepande tunakijua, lakini kinataka taka za kuoza tupu. Soko la mboga linaweza kutoa hizo, maana kila kitu pale ni majani. Kiroba cha nyumbani kina ganda la ndizi limekumbatiana na pampasi na wembe. Nani atalitenganisha, na kwa shilingi ngapi?

#12 Mtu wa Darajani

Nyinyi wa bara mnasema dampo, siye tuna neno letu zamani: jaa. Zamani kila mtaa na jaa lake, na kuku wanashinda hapo wanachakura. Jaa lile lilikuwa maganda, majivu, mifupa ya samaki na vifuu. Vifuu vyenyewe vilikuwa havikai, vinakwenda kuwa upawa au moto wa kupigia pasi. Baada ya mwaka ukichimba unapata udongo mweusi unapandia mboga. Halikuwa tatizo kwa sababu kila kilichomo kilikuwa kinaoza.

Ilipoingia mifuko ya plastiki jaa likafa. Visiwani tulipiga marufuku mapema, 2006. Nyinyi mkaja 2019, tarehe mosi Juni. Mfuko wa kubebea kweli ukapotea, lakini vifungashio vikabaki, vile visivyo na mikono, na watu wakaanza kuvibebea nyanya kama kawaida. Wahenga walisema akiba haiozi. Basi plastiki ndiyo akiba tuliyowawekea wajukuu.

Taka yetu nyengine ni chupa za vioo za mahotelini. Mgeni anakunywa, chupa haina pa kurudi, bahari iko kati. Kioo ni kizito, kukisafirisha kuvuka kwenda bara ni gharama kuliko chenyewe.

#13 Mwana wa Mvita

Mtu wa Darajani umenena. Sisi Mombasa tulikuwa na jaa la Kibarani, pale pale unapoingia kisiwani kupitia Makupa. Mgeni kabla hajaona pembe za ndovu za Moi Avenue, ashapokewa na harufu ya Kibarani. Lilifungwa, pakapandwa nyasi na miti, sasa watu wanapumzika pale jioni, na taka zikaelekezwa Mwakirunge. Sijui watu wa Mwakirunge wanasemaje.

Marufuku ya mifuko kwetu ilianza 28 Agosti 2017, faini yake si mchezo. Lakini nikipita Marikiti asubuhi, rundo lile ni lile: majani ya mboga, maembe yaliyopondeka, makumbi. Na madafu! Muuza dafu mmoja kwa siku anaacha mlima. Dafu likishanywewa ni maji na nyuzi, halioni moto leo wala kesho, na lori linajaa madafu, hewa tupu katikati. Mhandisi, hiyo hewa gari lako lingeikamua hiyo.

#14 Mhandisi Mstaafu

Umenishika, Mwana wa Mvita. Madafu yanastahili gari la kushindilia.

#15 Mzee wa Tabata

Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi wote, nikacheka kidogo.

Mimi nimekaa Tabata wakati dampo liko Tabata. Mnaongea habari za kilo na asilimia, sisi tulikuwa tunaongea habari za moshi. Taka za kuoza zikilundikana zinatoa gesi, gesi inashika moto, na moto wa dampo hauzimwi kwa ndoo. Unawaka chini kwa chini miezi. Nguo ukianua zina harufu, inzi wanaingia na chai.

Wakazi wakaenda mahakamani. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaliamuru Jiji liache kutupa taka pale. Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda, mara hii, mara ile. Mpaka Jaji Lugakingira akasema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma inakuja mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Maneno hayo wanasheria wanayasoma mpaka leo.

Likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Likaja Vingunguti, likaenda Mtoni, sasa liko Pugu Kinyamwezi. Hesabuni wenyewe limehama mara ngapi. Taka ni zilezile, maganda na mchanga, zinatafuta tu mtaa ambao watu wake hawajaenda mahakamani.

#16 Binti wa Muheza

Shikamoo mzee wetu. Hiyo sentensi ya mwisho nimeisoma mara mbili.

#17 Mzee wa Tabata

Marahaba binti.

#18 Bibi Nepi

Mimi nataka kusema la pampasi maana naona mnalipita mbio kwa aibu. Nimelea wanangu sita kwa nepi za kitambaa. Zinafuliwa, zinaanikwa, mtoto wa pili anazirithi. Kilo mbili kwa wiki kwa mtoto mmoja tena wa usiku tu! Yule anayevaa mchana na usiku je?

#19 Mama Pacha

Shikamoo bibi. Mimi nina wawili, na maji nanunua kwa dumu. Nepi ya kitambaa inataka maji ya kusuuza, ya kufua, ya kusuuza tena, sabuni, na jua. Nikipiga hesabu, na hapo natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, pampasi ni nafuu. Si uvivu.

Ila nakubali ni taka mbaya. Niliwahi kuichana moja nione: ndani kuna pamba ya nyuzi za mti na chengachenga zinazonyonya maji zikawa kama jeli, nje plastiki. Huwezi kuichoma ikiwa imeloa, huwezi kuifukia ikaoza, na mbwa wanaipenda kuliko kitu chochote. Kabla ya kuifunga namwaga kinyesi chooni kwanza. Angalau Kuli wa Guta hakutani na kinyesi.

#20 Kuli wa Guta

Mama Pacha, Mungu akuzidishie. Laiti mngekuwa wengi.

#21 Fundi Mizani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nafanya majaribio na mke wangu alikuwa ananifanyia majaribio ya uvumilivu.

Tulichofanya: mchanga hautoki tena nyumbani. Mama akifagia, anachekecha kwa lile chekecheo bovu la unga, mchanga unabaki uwanjani, majani yanakwenda pembeni. Vitu vya jikoni vina ndoo yake yenye mfuniko, jioni vinamwagwa kwenye shimo nyuma ya choo. Machicha na ukoko anachukua jirani mwenye kuku. Chupa za maji namuwekea kijana kwenye mfuko wake peke yake, zimekaushwa.

Wiki ya kwanza niliharibu. Ndoo ilijaa funza, na jirani wa upande wa pili akaniita kwa mjumbe. Nilikuwa namwaga maganda tu, mabichi juu ya mabichi, yanarojeka na kunuka. Aliyeniokoa ni mama yangu, ambaye hajasoma ripoti yoyote. Alisema: "Kwetu Rombo kwenye mgomba ulikuwa unaona yananuka?" Akaanza kutandaza majani makavu ya mwarobaini na majivu kidogo kila tukimwaga. Yale majani ambayo nilikuwa nalipia yapelekwe Pugu! Harufu ikakata siku ya tatu.

Wiki iliyopita nimepima kilichobaki kwenye salfeti ya kijana. Kilo 5.4. Karibu nusu yake ni pampasi, zingine ni pakiti za rangi ya fedha na boksi la chipsi. Betri na wembe viko kwenye kopo juu ya kabati, na hapo nimekwama, sijui pa kuvipeleka.

Jana kijana kaja. Akaishika salfeti kwa mikono miwili kama kawaida yake, akajikaza kuinyanyua, nusura aanguke nayo chali. Akaniangalia. "Baba, mlisafiri?"

#22 Mwana Mashaka

Nimekubali yaishe, hata mizani ya samaki naiamini sasa. Ada je, wamekupunguzia?

#23 Fundi Mizani

Elfu tano ileile, mkuu.